Mota Zilizopanda Kutoka Ziwani

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya chama cha ushirika pale Mbinga, Fundi Mkuu hakunipa nyundo wala tupa. Alinipa ngoma. Siyo ngoma ya kuchezwa. Mafundi tuliita ngoma ule mviringo wa chuma ulio tumboni mwa mashine ya kumenyea kahawa, uliovikwa bati la shaba lenye vipele. Mkulima anapozungusha mpini, vipele hivyo huikamata kahawa mbivu na kuibana kwenye bapa la chuma lililo mbele yake, ganda linabanduka, punje zinatoka zikiteleza. Fundi Mkuu aliniambia nifumbe macho, nipitishe kiganja juu ya bati, kisha nimweleze ninachosoma.

Nikamjibu kwamba pembeni kunakwaruza, katikati kunateleza.

"Hapo katikati ndipo kahawa inapoumia," alisema. "Sasa fumbua macho, uje nikuonyeshe."

Nilikuwa mwanamke peke yangu mle ndani, nimevaa ovaroli ya mtu aliyestaafu, miguu yake nimeikunja mpaka magotini. Nilidhani nimekuja kujifunza kukata chuma. Fundi Mkuu akanifundisha kwanza kahawa. Alinionyesha kwamba vipele vikiachana kidogo, kahawa inapita na ganda lake. Vikikaribiana kidogo, punje zinakatwa. Punje iliyokatwa huchacha ndani ya maji na kuharibu wenzake. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa ukucha. Nilishangaa kwamba mlima mzima wa kahawa, kuanzia Litembo hadi Matiri, unategemea kitu ambacho jicho halikioni mpaka litulie.

Wakati huo mabati ya shaba yalikuja yakiwa tayari, yamefungwa kwenye makasha ya mbao kutoka nje ya nchi. Kazi yetu ilikuwa kuyapinda, kuyavika ngoma na kuyalehemu. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi, nikaolewa, nikazaa, nikarudi kazini, na makasha yakaendelea kuja.

Halafu soko likafunguliwa. Wanaokumbuka wanajua jinsi ilivyokuwa: magari ya wanunuzi binafsi kwenye kila njia panda, kila mmoja na mizani yake, na ofisi za ushirika zikipungua watu mmoja mmoja. Makasha yakaacha kuja. Mwishowe karakana yenyewe ikafungwa. Siku ya kufunga, Fundi Mkuu aliipaka mafuta mashine ya kukerezea, mashine aliyojua kwamba ingechukuliwa na watu wengine, akafuta kila pembe kwa kitambaa kama mtu anayemwogesha mtoto wa kumpeleka kanisani. Kisha akachukua kofia yake na kurudi kwao Litembo.

Mimi nilipata kazi katika karakana ya chuo kidogo cha ufundi cha misheni, huko juu milimani. Mkuu wa Karakana alikuwa bruda mmoja mzee, mtu wa hapahapa Umatengoni, mpole, mwenye mazoea ya kuweka mikono nyuma anapotazama kazi. Siku ya kunipokea aliniuliza swali moja tu.

"Dada Osmunda, unaweza kuvika ngoma?"

"Naweza, Bruda, nikipata bati."

"Bati tambarare lipo. La vipele halipo. Itabidi vipele uvitengeneze wewe."

Ndivyo nilivyoanza kutengeneza vipele kwa mkono. Nilichora mistari kwa rula na bikari, nikaweka bati juu ya pande la risasi, ile metali laini, nikashika tindo butu, nikapiga. Kipele kimoja, pigo moja. Bati moja lina vipele vingi kiasi kwamba ukianza kuvihesabu utaacha kazi. Chuo kilikuwa na umeme wake wa mtambo wa maji kwenye kijito, lakini umeme haukunisaidia. Kilichofanya kazi ni kiwiko na jicho. Habari zikaenea kwamba kuna mama anayevika ngoma, na kila msimu wa mavuno ulipokaribia, ngoma zilipangwa kwenye baraza yetu kama wagonjwa.

Mwaka ule ninaotaka kuusimulia, kifundo changu cha mkono wa kulia kilianza kuvimba. Nilikifunga kitambaa, nikaendelea. Lakini mkono unaouma haupigi sawa. Mistari yangu ikaanza kuyumba.

Ndipo akaja Mama Kolastika kutoka Matiri. Alikuwa mjane, mwembamba, sauti ya chini. Ngoma yake alikuwa ameibeba mgongoni kwa khanga, kama mama anavyombeba mtoto mchanga, na alikuwa ametembea nayo mpaka alipopata gari. Alieleza kwamba mnunuzi alikuwa amemrudishia kahawa yake mbele ya watu, akamwonyesha punje zilizokatwa kiganjani. Mwaka huo miti yake ilikuwa imezaa kuliko miaka yote tangu mumewe afariki, na ile iliyokomaa kwanza ilikuwa imeshaharibika.

"Fundi," aliniambia, "iliyobaki ipo mtini bado. Nitaichuma nikisikia kwako."

Nilitazama ngoma zilizokuwa mbele ya ngoma yake, nikatazama mkono wangu. Nilimwambia aiache.

Sasa nimtaje Mwalimu Hamza. Alikuwa kijana wa Tanga aliyeajiriwa kufundisha umeme, Mwislamu katika chuo cha misheni, na Bruda alimpenda kwa sababu alikuwa hasemi jambo asilolijua. Aliuona mkono wangu. Jioni moja baada ya vipindi alikuja na mashine mbovu ya kuchapishia, ile ya zamani iliyokuwa ikipiga kelele ofisini, akaifungua na kutoa humo mota ndogo yenye nyaya nyingi.

Aliniambia niuzungushe mhimili wake kwa vidole. Niliuzungusha, na nikahisi kitu ambacho sikuwahi kukihisi kwenye mota yoyote. Haukuteleza. Ulikwenda kwa vituo vidogovidogo, kama kidole kinachopita juu ya meno ya kitana. Kisha akachukua nyaya mbili na kuzigusanisha, akaniambia nijaribu tena. Mhimili ulikuwa umekaza, kana kwamba mtu ameushika kwa ndani. Akaziachanisha, ukalegea.

Nilimuuliza ndani kuna nini. Akasema kuna sumaku, koili za waya, na basi. Unapogusanisha ncha mbili za koili moja, sumaku inayozunguka inajipinga yenyewe. Ndivyo anavyotambua waya upi na upi ni wa koili moja bila hata kuwa na kipimo. Mota hizi zinaitwa mota za hatua. Sisi tuliziita stepa. Ukiipa umeme kwa mpigo mmoja, inakwenda hatua moja na kusimama hapo hapo, imeshikilia. Mzunguko mzima ni hatua mia mbili. Ukiifunga kwenye skrubu ndefu yenye thredi, na skrubu ikasukuma meza, basi hatua moja ya mota ni sogeo dogo la meza lisiloonekana kwa jicho.

"Ukiwa na mbili, dada, moja ya kupeleka meza mbele na nyuma, nyingine kushoto na kulia, kompyuta itajua kila kipele mahali pake. Nyundo itapiga yenyewe. Wewe utaweka bati na kuondoa bati."

Nilikaa na mota ile mkononi kwa muda mrefu. Nimefanya kazi na injini za dizeli, nimeona mtambo wa maji ukizunguka, lakini zote hizo ni nguvu tu. Hukimbia mpaka uzizime. Hii ilikuwa nguvu inayojua kusimama.

Chuo kilikuwa na kompyuta moja kuukuu iliyoletwa na wafadhili. Bruda aliiruhusu. Tuliunda meza ya vyuma vya pembe, tukaiweka kwenye beringi, tukakata skrubu ndefu kwenye mashine ya kukerezea. Juu yake tukasimamisha nyundo inayoinuliwa na mota ya kawaida na kuachiwa ianguke. Mwalimu Hamza akaandika maelekezo ya kompyuta. Kisha tukafunga mota mbili ndogo za mashine ya kuchapishia.

Ilikwenda. Meza tupu ilikwenda vizuri sana, nasi tukapeana mikono. Tulipoweka bati na fremu yake, mambo yakawa mengine. Mstari wa kwanza ulinyooka. Mstari wa pili ukapinda kidogo. Kufika katikati vipele vilikuwa vimepandana kama watu wanaokimbilia mlango mmoja. Kompyuta haikujua, yenyewe ilikuwa bado inahesabu hatua kwa uaminifu, lakini mota zilikuwa zimeshindwa kubeba mzigo na kuruka hatua. Mota hizi hazina macho. Zikiruka hatua, hakuna anayeziambia. Bati zuri la shaba likawa halifai, na tulikuwa tumebakiza machache.

Bruda alilishika bati lile, akalitazama pande zote mbili.

"Tatizo ni mota au ni wazo?" aliuliza.

"Ni mota, Bruda," alijibu Mwalimu Hamza. "Nilichukua zilizokuwa karibu. Sikupima."

"Basi pimeni. Na mkitafuta nyingine, leteni kubwa. Kubwa haichoki."

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Tulichukua mizani ya ndoano, ile inayopimia magunia, tukaifunga kwenye meza iliyobeba bati na fremu, tukavuta polepole mpaka meza ikaanza kutembea, tukasoma. Kutokana na hapo, na upana wa thredi ya skrubu, Mwalimu alikokotoa mota inatakiwa kuzungusha kwa nguvu kiasi gani. Halafu akaizidisha mara mbili. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mota inayotosha kamili ni mota isiyotosha: vumbi likiingia kwenye skrubu, grisi ikiganda kwa baridi ya asubuhi, umeme wa kijito ukishuka, utakuwa umerudi palepale. Vijana wanaoniuliza leo wachague mota gani, nawaambia waanze na mizani ya ndoano. Wengi hawanisikii, wanaanza na bei.

Miaka hiyo, vitu vilivyokufa vya maofisini vilikuwa vikipita mipakani kwa wingi. Wafanyabiashara walivileta hata kwa boti kutoka ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na tulisikia kwamba pale Mbamba Bay kuna mtu ana ghala limejaa. Bruda akatupa ruhusa. Tulipanda lori lililokuwa likishuka kufuata usipa, wale dagaa wa ziwa, tukateremka zile kona mpaka joto likatupokea na ziwa likaonekana lote kwa mara moja. Mimi nimezaliwa milimani, na kila nilipoliona ziwa lile nililitazama kama mara ya kwanza. Mwalimu Hamza, mtu wa pwani, naye hakuliondolea macho. Alisema baadaye kwamba hakutegemea maji yasiyo na chumvi yafike mbali hivyo.

Mwenye ghala alituachia tuchague tunavyotaka. Tulikaa chini katikati ya mashine zilizokufa na kutoa mota moja moja. Nyingi nilizikataa kwa vidole tu: beringi zimelegea, au mhimili umepinda. Zenye nyaya tano Mwalimu aliziweka kando, kwa sababu koili zake zote zimefungwa pamoja kwa ndani na saketi yake isingeweza kuzitenganisha. Zenye nyaya nne, sita au nane tulizibakiza. Mwishoni tulikuwa na mota kubwa moja, nzito kama jiwe la kusagia, na moja ya kati, ya ukubwa wa ngumi.

Mimi, kama Bruda, nilitaka ile kubwa. Mwalimu hakubishana. Alisema tuzijaribu.

Tulizifungia kwenye nguzo ya baraza ya ghala, hatua chache kutoka majini. Kwenye mhimili tukaweka puli ndogo, kwenye puli kamba, kwenye kamba ndoo yenye maji ya ziwa, kiasi kinacholingana na mzigo tuliokokotoa. Tukaazima betri mbili za gari, na Mwalimu akatoa saketi yake aliyoilehemu mwenyewe, yenye kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo. Watu waliokuwa wakianika usipa wakasogea.

Kubwa ilianza. Ilipopewa umeme ikiwa imesimama, iliishikilia ndoo kiasi kwamba mwanamume mmoja aliivuta kwa mikono miwili na haikushuka. Watu wakaguna kwa kustaajabu, nami nikamtazama Mwalimu kama mtu aliyeshinda kesi. Yeye akazungusha kitufe. Ndoo ikapanda taratibu. Akaongeza mwendo. Mota ikanguruma, ikatetemeka, na ndoo ikaanguka kwa kishindo, maji yakatulowesha miguu.

Ile ya kati ilipowekwa, haikushikilia kwa nguvu kama ile. Yule mwanamume aliivuta na baada ya kujitahidi akaishusha. Lakini kitufe kilipozungushwa, ndoo ilipanda, mwendo ukaongezwa, ikapanda kwa kasi, ikasimama pale ilipoambiwa, ikashuka, ikapanda tena. Haikumwaga hata tone. Mama mmoja mwenye ungo wa usipa aliuliza nani anaivuta, akatazama nyuma ya nguzo.

"Soma kibao chake," Mwalimu aliniambia. Kibao cha ile kubwa kiliandikwa volti nyingi na ampea chache. Cha ile ya kati kilikuwa na volti chache na ampea nyingi. "Watu hutazama volti, wakidhani nyingi ndiyo nguvu. Koili ni kama mtungi. Hii kubwa ina waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ni mtungi mkubwa wenye shingo nyembamba. Ukiupa muda unajaa, ndiyo maana ikisimama inashika. Ukiiharakisha, haijajaa bado na wewe unaidai hatua nyingine. Hii ya kati shingo yake ni pana."

Tangu siku hiyo nimejua kuna nguvu ya kushikilia na kuna nguvu ya kwenda, na kwamba mota huuzwa kwa kusifiwa ya kwanza huku kazi ikihitaji zote mbili.

Ila ile ya kati ilikuwa moja, nasi tulihitaji mbili zinazofanana. Mwenye ghala akakumbuka kwamba mashine tuliyotolea mota hiyo ilikuja na pacha wake, na pacha huyo alichukuliwa na mzee mmoja wa Kihagara, fundi mstaafu wa mitambo ya meli. Ile mota kubwa akatupa bure, kwa kuwa hakuna aliyeitaka, nami nikaibeba nikamwonyeshe Bruda kwamba tuliijaribu. Kesho yake tukapata gari la kwenda Kihagara.

Nyumba ya mzee ilikuwa upande wa juu, katikati ya mihogo, mahali upepo wa ziwa unapofika bila kuzuiwa. Kabla hatujabisha hodi tuliiona mota yetu. Ilikuwa juu ya nguzo, imefungwa mapanga ya mbao, inazunguka, na nyaya zake zinaingia dirishani.

"Shikamoo baba," tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mmefuata nini huku juu?"

Mwalimu Hamza alimweleza yote: kahawa, mkono wangu, bati lililoharibika, ndoo. Mzee alisikiliza kama mafundi wanavyosikiliza, akiuliza hapa na pale. Mwisho akatuambia kwamba mota ile haiuzwi. Mke wake alikuwa amepoteza macho, na radio ndiyo iliyomwunganisha na watu. Betri zilikuwa zikiisha haraka na hazipatikani kila siku. Kwa hiyo aliiweka mota juu ya nguzo, maana mota ya hatua ukiizungusha kwa nguvu ya nje inatoa umeme, na umeme ule ukaendesha radio.

Nilisikia aibu kuwa tumekuja kuomba kitu kama hicho. Nilimgusa Mwalimu mkono, tuage, tuondoke. Yeye alikuwa bado anatazama juu. Akauliza upepo ukipungua inakuwaje.

Sauti ya mama ndiyo iliyojibu, kutoka ndani. "Hunyamaza, mwanangu. Wanapotangaza vifo, hunyamaza katikati ya jina. Nabaki nafikiri ni nani."

Mwalimu Hamza akaniomba mota kubwa. Akafunga ncha za kipimo chake kwenye nyaya, akauzungusha mhimili polepole kwa vidole, na sindano ikapanda. Akamwita mzee aje aone. Koili za nyuzi nyingi nyembamba, zilizoshindwa na ndoo yetu, zilitoa volti nyingi hata kwa mwendo wa polepole. Kilichokuwa kasoro kwenye meza yetu, kwenye upepo mwepesi kilikuwa ndicho kinachotakiwa.

Mzee naye aliujaribu mhimili, akatikisa kichwa. Alisema ni mgumu kuanza. Mapanga yale mafupi hayataweza. Akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na mbao za mtumbwi wa zamani, akachonga mapanga marefu zaidi huku sisi tukishika. Nilimtazama akiyapima kwa kuyaning'iniza kwenye kidole mpaka yalipolingana pande zote, na nikajua nimesimama mbele ya fundi.

Tulipandisha mota kubwa kwenye nguzo na kushusha ile nyingine. Kukawa kumetulia, hakuna upepo hata wa kutikisa jani la muhogo. Tukakaa kwenye mkeka wa mama, tukala ugali wa muhogo na usipa. Alasiri upepo wa mwera ukaanza kuvuma kutoka kusini, mwanzoni mdogo tu. Mapanga yalisitasita, yakajongea, yakasita tena, yakashika mwendo. Radio ikazungumza. Upepo ukapungua, mapanga yakapunguza mwendo, radio ikaendelea kuzungumza.

Ulipofika wakati wa matangazo ya vifo, mama alitunyamazisha kwa mkono. Likasomwa tangazo la mtu wa mbali, jina lake, la baba yake, mahali alipozaliwa na watu wanaopaswa kupata habari. Hakuna hata mmoja wetu aliyemjua. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa nimelisikia lote," alisema.

Mzee alitufungia ile mota tuliyoishusha ndani ya kitambaa safi na kutusindikiza hadi barabarani. Tulipanda milima tukiwa na mota mbili pacha mapajani mwetu.

Tulizifunga. Mwalimu alibadilisha maelekezo ya kompyuta ili meza ianze polepole, iongeze mwendo, kisha ipunguze kabla ya kusimama, maana hata mota nzuri haipendi kushtuliwa. Nikaweka bati la shaba. Bruda alikuja, mikono nyuma, na mafundi wa useremala wakaacha kazi zao wakasimama mlangoni.

Meza ikasogea, ikasimama. Nyundo ikaanguka. Meza haikutikisika. Ikasogea, ikasimama, nyundo ikaanguka. Mota zilitoa sauti nyembamba kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo, na kila ziliposimama sauti ilibadilika lakini haikukatika, kwa sababu hata zikiwa zimesimama zilikuwa kazini, zimeishikilia meza isikimbie pigo. Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza kati ya vipele vya wa kwanza, kama inavyotakiwa. Nilisogea karibu mpaka Mwalimu akanivuta bega. Nilikuwa nimeifanya kazi ile kwa mkono wangu, nilijua kila mahali ambapo mkono hushawishika kukosea, na nilikuwa nikiiona ikipita mahali hapo bila kushawishika.

Bruda alivua kofia. Sijui kama alijua ameivua.

"Dada Osmunda," aliniuliza, "ndivyo ulivyokuwa ukivitaka siku zote?"

"Ndivyo, Bruda. Sikuwahi kuvipata."

Niligusa mota moja, ikaniunguza kidogo. Mwalimu akanituliza kwamba ndivyo zilivyo. Mota ya hatua inakula umeme hata ikipumzika, na joto ambalo kidole kinaweza kulivumilia kidogo haliidhuru. Nilifurahi kujua kwamba nayo inachoka.

Ngoma ya Mama Kolastika ilivikwa zamu yake ilipofika, hatukumruka mtu. Alipokuja kuichukua alikuwa na kikapu cha kahawa mbivu. Tukaifunga ngoma kwenye mashine ya chuo, nikazungusha mpini, maganda yakaenda huku, punje zikatoka huku, nyeupe, zinateleza. Alichota punje kwa viganja viwili, akazitandaza juu ya khanga yake, akazipitia moja moja kwa kidole. Alikaa chini kwa muda mrefu akifanya hivyo. Hakukuta iliyokatwa. Akaifunga ngoma mgongoni, akaaga kwa sauti yake ileile ya chini, akaenda kuchuma. Sikumwona tena mpaka mavuno yalipokwisha, aliporudi amebeba ngoma ya jirani.

Niliiendesha mashine ile mpaka nilipostaafu. Kompyuta zilikufa tukabadilisha, saketi ziliungua tukalehemu nyingine, skrubu zililika tukakata mpya. Mota zilibaki zilezile. Bruda alifariki na kuzikwa karibu na wenzake. Mwalimu Hamza alirudi Tanga, na hunipigia simu siku za sikukuu, zangu na zake.

Siku hizi vijana wananijia na simu zao, wananionyesha picha za mota mpya zinazoagizwa kutoka mbali, wanauliza ipi. Nawauliza mzigo una uzito gani, unatakiwa kwenda kasi gani, na nini kitatokea mota ikiruka hatua moja. Wakishajibu hayo matatu, mara nyingi hawahitaji tena jibu langu. Lakini nawaomba pia wauzungushe mhimili kwa vidole kabla ya kuufunga popote, wasikie vile vituo. Nimefanya hivyo kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu, na bado sijazoea.

Nyumba yangu ipo kwenye ukingo wa mteremko, na ng'ambo yake kuna mteremko mwingine. Msimu wa kahawa, asubuhi, kabla jua halijakausha umande, watu huanza kuzungusha mashine zao. Inaanza moja huko chini karibu na kijito, inajibiwa na nyingine juu, mpaka bonde zima linakwaruza. Nakaa nje na chai yangu nasikiliza. Mwanzoni nilijaribu kubashiri zipi nimezivika mimi kwa mkono, zipi zimevikwa na mashine, zipi zimetengenezwa na wale walionifuata. Sasa nimeacha. Zote zinalia sawa, na kahawa inatoka nzima.